Jengo moja la ofisi, wenyewe wawili: kampuni au majina mawili kwa hatimiliki, na vitabu vinakuwaje

Kuna jamaa alinipigia simu wiki mbili zilizopita, mkurugenzi wa kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi hapa Nairobi, wameingia nusu kwa nusu na kampuni nyingine kwa jengo la ofisi la ghorofa nne, akaniuliza swali moja fupi tu: "Sasa hili jengo nalo naliweka wapi kwa vitabu?" Nikamuuliza hatimiliki ina jina la nani. Akanyamaza. Halafu akasema ngoja nimuulize wakili. Hapo nikajua hii kazi si ya siku moja.

Manake watu wengi huja wakidhani uhasibu ni menyu, unachagua kama mtu anayechagua chapati au ugali. Haiko hivyo bana. Unachochagua ni muundo, yaani mnasajili kampuni inayomiliki jengo ama mnaandikwa nyote wawili moja kwa moja kwenye hatimiliki, na ukishachagua hiyo, njia ya kuandika vitabu inakufuata yenyewe hadi mlangoni. Kuna mahali pawili hivi pa kuchagua kweli, nitafika hapo. Kwa hivyo haya naandika zaidi kwa mtu ambaye bado hajasaini. Aliyesaini naye asome tu, angalau ajue ameingia wapi.

Kitu kimoja kabla sijaendelea: nikisema pango ni pesa za wapangaji, nikisema ushuru ni za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Tukitumia "kodi" kwa zote mbili tutapotezana hapa katikati.

Kwanza, ni ubia kweli?

Neno ubia tunalitumia ovyo. Kwa IFRS 11, yaani kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ubia, ambayo ndiyo imekuwa ikitumika tangu Januari 1, 2013, lazima kuwe na udhibiti wa pamoja, na hiyo maana yake maamuzi makubwa (kuuza jengo, kuchukua mkopo, kupitisha bajeti, kuajiri anayesimamia wapangaji) hayapiti bila nyote kukubali. Mmoja akisema hapana, imekwama. Sasa wewe ukiwa na asilimia 70 na mkataba unasema kura za wengi ndizo zinazopita, hapo hamna ubia, wewe ndiye mwenye kampuni, hiyo ni kampuni tanzu yako na unaiunganisha yote kwa hesabu zako kisha unaonyesha asilimia 30 ya mwenzako pembeni. Na yule wa asilimia 30 naye hana ubia, ana ushawishi tu. Nimeona mikataba imeandikwa kwa herufi kubwa MKATABA WA UBIA juu ya ukurasa wa kwanza na ukifika ukurasa wa saba unakuta mmoja ana kura ya turufu kwa kila kitu na mwenzake hana hata moja. Odita hasomi kichwa cha mkataba, anasoma huo ukurasa wa saba.

Tuseme basi ni 50 kwa 50 na hakuna anayeweza kusonga bila mwenzake. Hapo ndio njia zinagawanyika.

Njia ya kampuni na njia ya majina mawili

Njia ya kampuni: mnasajili kampuni ya dhima ya kikomo, hiyo kampuni ndiyo inanunua jengo, ndiyo inakopa, ndiyo inaandikisha wapangaji. Wewe una hisa tu. Kwa kawaida hii inatoka kama ubia kamili chini ya IFRS 11, na vitabu vyako unafuata IAS 28 (IAS ni jina la zamani la kanuni hizo hizo za kimataifa), njia ya ekwiti: unaandika mstari mmoja kwa mizania (ukurasa wa mali na madeni), unaanza na ulichoweka, unaongeza fungu lako la faida, unatoa gawio ulilopokea. Basi.

Njia ya majina mawili: hakuna kampuni katikati, hatimiliki ina majina yenu nyote na kila mmoja ana fungu lake ambalo halijakatwa kwa ukuta, yaani huwezi sema ghorofa ya pili ni yangu, una nusu ya kila tofali. Hapa IFRS 11 haina mjadala, bila chombo tofauti hiyo ni shughuli ya pamoja tu, na unaandika fungu lako la kila kitu: nusu ya jengo, nusu ya pango, nusu ya umeme wa ngazi, nusu ya mkopo.

Wazee wa kazi watakumbuka zamani chini ya IAS 31 hata ukiwa na kampuni ya ubia uliruhusiwa kuchukua nusu ya kila mstari ukaingiza kwako. Hiyo ruhusa ilikufa IAS 31 ilipoondolewa. Bado nakutana na faili za eksel zinazofanya hivyo, mtu alirithi faili kutoka kwa mtu aliyerithi faili, na kila mwaka odita akikataa, ofisi nzima inashangaa upya.

Sasa tuweke namba, manake maneno matupu hayasaidii. Jengo ni shilingi milioni 400, ardhi 120 na nyumba yenyewe 280. Kila mmoja ametoa taslimu milioni 120, benki ikatoa 160 kwa riba ya asilimia 14 na mwaka wa kwanza mnalipa riba tu. Pango la mwaka 48 bila VAT. Gharama za kuendesha 9. Riba 22.4. Uchakavu wa asilimia 2 kwa nyumba 5.6 (ardhi tunaiacha bila uchakavu hapa). Inabaki 11. Ushuru wa kampuni tuseme asilimia 30 ya hiyo hiyo 11 ili tusichoshane, najua hesabu ya KRA ina makato yake mengine, ni 3.3. Faida 7.7. Kisha kila mmoja akachukua milioni 2 mfukoni.

Hivi ndivyo vitabu VYAKO vitasoma mwisho wa mwaka, kwa milioni:

| | Kampuni | Majina mawili |
|---|---|---|
| Ardhi na jengo | hakuna | 197.2 |
| Uwekezaji kwenye ubia | 121.85 | hakuna |
| Fungu la pesa kwa akaunti ya jengo | hakuna | 4.65 |
| Mkopo | hakuna | (80) |
| Jumla kwa mizania | 121.85 | 121.85 |
| Mapato ya pango | hakuna | 24 |
| Gharama za kuendesha | hakuna | (4.5) |
| Riba | hakuna | (11.2) |
| Uchakavu | hakuna | (2.8) |
| Ushuru | hakuna | (1.65) |
| Fungu la faida ya ubia | 3.85 | hakuna |
| Faida baada ya ushuru | 3.85 | 3.85 |

Angalia hizo jumla. Ni sawasawa hadi senti. Nikiwaonyesha wateja hii wengi husema ah basi haijalishi, tuchukue ile rahisi. Subiri.

Inajalisha wapi: benki

Turudi kwa yule jamaa wa vifaa vya ujenzi. Tuseme kampuni yake ina mtaji wa milioni 200 na madeni yake mengine ni 50. Deni kwa mtaji ni asilimia 25, safi kabisa. Sasa barua ya mkopo aliyonao wa kununulia bidhaa ina sharti kwamba deni lisizidi asilimia 50 ya mtaji. Akiwa kwa njia ya kampuni, ile 160 haionekani kwa mizania yake, inabaki 25. Akiwa kwa njia ya majina mawili, anabeba 80, madeni yanakuwa 130 kwa 200, asilimia 65. Amevunja sharti bila kukopa hata shilingi moja zaidi kwa biashara yake ya saruji na mabati. Na benki haina huruma hapo, sharti likivunjwa mwisho wa mwaka kabla benki haijakupa msamaha kwa maandishi, mkopo wa muda mrefu unahamishwa kuwa wa muda mfupi kwa mizania, na hapo sasa hata supplaya wanaanza kuuliza maswali.

Upande wa pili uko pia. Kuna mtu anataka mapato yaonekane makubwa, labda anaomba tenda ambayo wanaangalia mauzo ya miaka mitatu, ama ni sacco inataka wanachama waone pango likiingia kwa jina. Kwa njia ya ekwiti ile 24 haionekani popote kwa ukurasa wa mbele, ni 3.85 tu imekaa peke yake chini kama yatima, na mwanachama akisimama kwa mkutano mkuu kuuliza "mbona jengo letu haliingizi pango?" mweka hazina itabidi afungue noti za hesabu aeleze, na noti nani anasoma. Kwa IFRS 12 lazima uweke muhtasari wa hesabu za ubia huko kwa noti kama ubia ni mkubwa kwako, kwa hivyo habari ipo, ila iko nyuma.

Hapa nitoe kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifunga vitabu vya chama kimoja cha uwekezaji kwa njia ya ekwiti, mstari mmoja msafi, nikajipongeza. Walikuwa wameniambia "tuko na kampuni na wenzetu". Odita akaomba hatimiliki, ikaja skani ya simu, kona imekunjika na alama ya kikombe cha chai juu ya muhuri, na pale kwa wamiliki kuna majina mawili ya vyama, kila kimoja nusu. Ile kampuni ilikuwepo kweli, ilikuwa imesajiliwa, ila haikuwahi kuhamishiwa kitu. Ilikuwa jina tu na akaunti ya benki yenye elfu kumi na mbili. Nikarudia kazi ya wiki tatu bila malipo. Tangu siku hiyo kabla sijafungua kompyuta naomba karatasi tatu: hatimiliki, mkataba wa ubia, barua ya mkopo.

Nani alisaini mkopo

Hii barua ya mkopo inastahili kusomwa polepole, manake ndiyo inaua watu.

Kwa njia ya kampuni, benki zetu mara nyingi hazikubali dhamana ya jengo peke yake, zinataka na nyinyi wenye hisa muudhamini mkopo. Watu hushtuka hapo wakidhani kudhamini kunageuza ubia kuwa shughuli ya pamoja. Hapana, IFRS 11 imesema wazi dhamana peke yake haikugeuzi. Unabaki kwa ekwiti. Lakini ile dhamana yenyewe ni mkataba, ina sehemu yake chini ya IFRS 9 (kanuni ya mikopo na dhamana za kifedha) na inatajwa kwa noti, usiifiche kwa faili la wakili.

Kwa njia ya majina mawili ndipo kuna shimo. Mara nyingi benki inaangalia stetimenti za wote wawili, inaona mmoja ana mzunguko mzuri, inasema wewe ndiye utakopa kisha mgawane huko kwenu. Sawa. Lakini ukisaini peke yako, deni lote la 160 ni lako kwa vitabu, si 80. Kamati ya tafsiri ya IFRS iliulizwa kitu cha aina hii, mwaka 2019 ikajibu kwamba mshirika mwenye jukumu la kwanza kwa deni ndiye anayeliandika. Ile nusu ya mwenzako unaiweka kama pesa unayomdai, 80, na lazima ujiulize kila mwaka kama kweli atalipa. Sasa rudi kwa lile sharti la asilimia 50: 50 jumlisha 160 ni 210, kwa mtaji wa 200. Asilimia 105. Hiyo simu ya benki hutataka kuipokea.

Mmoja ameleta ardhi, mwingine pesa

Hii ndiyo kesi ya kawaida zaidi huku kwetu kuliko ile ya kila mtu kuja na hundi. Mmoja ana ploti aliyorithi au aliyonunua zamani, mwingine ana pesa. Kwa mfano wetu tuseme wewe umeleta ile ardhi ya milioni 120, uliinunua 30. Mwenzako kaleta taslimu 120.

Kwa njia ya kampuni, unahamisha ardhi kwa kampuni na unapewa hisa. Umepata faida ya 90 kwa karatasi, si ndio? Nusu tu. IAS 28 inakwambia ardhi ukiipeleka kwa ubia unatambua faida kwa fungu la mwenzako pekee, manake nusu ile nyingine umejiuzia mwenyewe. Kwa hivyo faida 45, na uwekezaji wako unaanza kwa 75 badala ya 120. Nimeona mtu ameandika 90 yote na gawio likalipwa kwa hiyo faida. Pesa zilitoka wapi? Overdrafti.

Kwa njia ya majina mawili unamwachia mwenzako nusu ya ardhi (thamani 60, gharama yako 15), naye analipia 60 za fungu lako la ujenzi. Faida yako 45 vilevile. Kwa vitabu una nusu ya ardhi kwa 15, nusu ya nyumba 140, toa mkopo 80, inabaki 75. Tena sawasawa. Nikiwa na siku mbaya ofisini huwa napiga hii hesabu tu nijifurahishe.

Lakini KRA haiko sawasawa. Ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023 (zamani ilikuwa 5, na wengi bado wanapiga bajeti na hiyo 5), na stempu ya uhamisho wa ardhi ya mjini ni asilimia 4. Ukihamisha ploti yote kwa kampuni, bila msamaha wowote, stempu ni 4.8 na faida ya mtaji kwa 90 ni 13.5. Ukihamisha nusu tu kwa mwenzako, stempu ni 2.4 na faida ya mtaji kwa 45 ni 6.75. Jumla 18.3 dhidi ya 9.15. Hiyo tofauti ni zaidi ya milioni tisa, karibu pango la miezi miwili na robo, na haitokani na uhasibu hata kidogo, inatokana na mahali wakili ameandika jina. Muulize mshauri wa ushuru kuhusu misamaha kabla hujahamisha, usimuulize baada.

Ila usikimbilie majina mawili kwa sababu ya hiyo tu. Siku mwenzako amefilisika, ama amefariki na watoto wake hawasikizani, nusu yake ya kila tofali iko kwa hatimiliki moja na yako. Kwa kampuni wanapigania hisa, jengo linaendelea kupokea pango.

Gharama au thamani ya soko

Hapa ndio mahali pa kwanza una uchaguzi wa kweli. Jengo la kukodisha ni mali ya uwekezaji, IAS 40 inakuruhusu kulibeba kwa gharama ukitoa uchakavu, ama kwa thamani ya soko kila mwaka bila uchakavu. Ukichagua, unachagua kwa mali zako zote za uwekezaji, si hili kwa soko na lile kwa gharama kwa vile lile limeshuka.

Mthamini akija mwisho wa mwaka aseme 460, kuna ongezeko la 60. Kwa majina mawili unaandika 30 kwa faida yako, unatoa ushuru ulioahirishwa (ule utakaolipa baadaye), tuseme kwa asilimia 15 tukichukulia mtauza, 4.5, inabaki 25.5. Kwa kampuni hiyo 25.5 inapita ndani ya ule mstari mmoja wa fungu la faida. Na sera zenu zikitofautiana, wewe unatumia soko na kampuni ya ubia inatumia gharama, lazima urekebishe hesabu zake zifanane na zako kabla ya kuchukua fungu. Watu husahau hii kila mara.

Binafsi mimi napenda gharama kwa watu wawili wenye jengo moja. Pango liko pale pale, 48, lakini faida inaruka kutoka 3.85 hadi zaidi ya 30 mwaka mmoja na mwaka unaofuata mthamini mwingine anasema soko la ofisi limelala na inaanguka, na wenye hisa wasioelewa wanauliza pesa zao zimeenda wapi ilhali hakukuwa na pesa. Ofisi za Nairobi tumeona zikijengwa nyingi kwa mkupuo, halafu 2020 ikaja na watu wakafanyia kazi mezani jikoni, vibao vya "ghorofa inapangishwa" vikakaa hadi rangi ikapauka. Na hata kwa gharama utatoa thamani ya soko kwa noti, IAS 40 inadai hivyo, kwa hivyo anayetaka kujua atajua. Kama mnapanga kuuza ndani ya miaka mitatu, au mnataka kukopa zaidi juu ya jengo, hapo sawa, soko lina maana.

Kama unatumia IFRS ya kampuni ndogo

Hapa ndio uchaguzi wa pili, na ni wengi wetu hawa, si kila mtu ana hisa kwa soko. Chini ya IFRS ya kampuni ndogo na za kati, ukiwa na kampuni ya ubia una njia tatu: gharama, ekwiti, ama thamani ya soko. Kwa gharama ile 120 inakaa 120, na mapato yako ni gawio la 2 tu ulilopokea. Rahisi mno. Mhasibu mmoja wa muda anaifanya kwa nusu saa. Ubaya ni kwamba ile 1.85 iliyobaki ndani ya kampuni huioni, na mambo yakiharibika ndani pia huyaoni hadi siku unaambiwa upunguze thamani yote kwa mkupuo. Kwa mtu mwenye asilimia 50 ambaye anaingia kwa jengo kila mwezi kuona wapangaji, naona gharama inatosha. Kwa chama cha uwekezaji chenye wanachama mia nane ambao hawajawahi kuona hilo jengo, ekwiti.

Jengo lenyewe hapa halina uchaguzi kama kule IAS 40, kama thamani ya soko inapatikana bila gharama na shida kupita kiasi unatumia hiyo, isipopatikana unarudi kwa gharama. Toleo la tatu la IFRS hii ya kampuni ndogo lilitolewa Februari 2025 na linaanza kutumika 2027. Tafsiri ya udhibiti wa pamoja imesogezwa iende na IFRS 11, lakini yale makundi matatu ya zamani ya ubia (shughuli, mali na kampuni zinazodhibitiwa pamoja) yamebaki.

Mengine madogo, haraka haraka. Ushirika wa kawaida wa kibiashara, ule usiokuwa na ukuta kati ya deni la ushirika na mfuko wako, mara nyingi unaishia kuwa shughuli ya pamoja hata kama mna jina na muhuri. Ule wa dhima ya kikomo wa sheria ya 2011 una nafsi yake kisheria, kwa kawaida unaenda kwa ekwiti. Ukitumia ghorofa moja mwenyewe kama ofisi, hiyo sehemu ikiwa inaweza kuuzwa peke yake inatoka IAS 40 inaenda IAS 16 (mali unayoitumia mwenyewe), na kama unaipanga kutoka kwa kampuni ya ubia una mkataba wa upangaji chini ya IFRS 16 kama mpangaji mwingine yeyote. Na kwa majina mawili amueni mapema nani atatoa risiti za eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) zenye VAT ya asilimia 16, manake mpangaji hataki risiti mbili nusu nusu kila mwezi, na ukitoa wewe zote, mauzo yote yanaonekana kwako huko KRA ilhali vitabu vyako vinasema nusu. Hiyo barua ya kueleza tofauti utaiandika kila mwaka.

Mimi ningechagua nini? Wote wameleta pesa taslimu, kuna mkopo mkubwa, na mmoja wenu ana biashara nyingine yenye masharti ya benki: kampuni, bila kufikiria mara mbili. Mmoja ameleta ardhi ya bei ya zamani, mkopo ni mdogo au haupo, na mnafahamiana vizuri: majina mawili, lakini na mkataba ulioandikwa na mawakili wawili tofauti, si wakili mmoja anayewatumikia nyote. Katikati ya hapo, pigeni hesabu ya stempu na faida ya mtaji kwanza, kisha mpelekee meneja wa benki rasimu ya mizania zote mbili mumuulize ipi anaweza kuishi nayo.

Yule jamaa alinipigia tena Ijumaa. Amempata wakili wake. Hatimiliki ina majina yote mawili, kampuni yake na ya mwenzake, nusu kwa nusu. Nikamuuliza na mkopo? Akasema huo alisaini yeye, benki ilimtaka yeye kwa sababu ya stetimenti zake. Nikamuuliza mwaka wake wa hesabu unafungwa lini. Mwezi ujao. Jumatatu tunaenda pamoja benki kuomba mwenzake aongezwe kwa mkopo, ama watuandikie barua ya msamaha wa sharti, na nimemwambia hiyo barua iwe na tarehe ya kabla ya kufunga mwaka.